Risasi ya mgongoni: namna ya kumtibu na kumtunza majeruhi katika hospitali za Kivu na Ituri

Mtu aliyepigwa risasi mgongoni akafika hospitalini akiwa hai, mara nyingi hauawi na risasi. Hufa wiki ya tatu au mwezi wa tatu, kwa kidonda cha makalio kilichooza hadi mfupani, au kwa mkojo uliorudi nyuma ukaharibu figo. Ndivyo ilivyokuwa Ulaya pia hadi katikati ya karne iliyopita. Mwaka 1944 Dkt. Ludwig Guttmann alifungua kitengo cha waliovunjika mgongo pale Stoke Mandeville, Uingereza, na silaha yake kubwa haikuwa kisu cha upasuaji. Aliwageuza wagonjwa kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na akausimamia mkojo wao mwenyewe. Kazi hiyo haihitaji umeme wala mashine, kwa hiyo inawezekana Masisi, Rutshuru, Fizi na Djugu.

Mwongozo huu ni kwa madaktari na wauguzi wa hospitali za zoni za afya, na kwa mlinzi wa mgonjwa, yule ndugu anayelala naye wodini. Dawa na vipimo ni kwa mtu mzima.

Risasi hufanya nini

Ugwe wa mgongo ni ule mshipa mnene wa neva unaopita ndani ya pingili za uti wa mgongo. Huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno (L1–L2). Chini ya hapo hubaki shada la neva peke yake. Risasi ya bunduki ya kivita haihitaji kuugusa ugwe ili uharibike. Ikipita kando kwa kasi kubwa, mtikisiko na nguvu inayoitanua nyama pande zote vinatosha. Ndiyo maana utaona mtu amepooza miguu yote miwili huku picha ya eksirei ikionyesha risasi imelala nje ya pingili.

Kuna tofauti moja kubwa na ajali ya gari au kuanguka mtini. Risasi hutoboa, lakini mara chache hulegeza nguzo nzima ya mgongo. Mifupa huvunjika vipande na nguzo bado inasimama. Jambo hili linabadilisha mengi katika matibabu, na litarudi tena hapa chini.

Kabla ya kugusa mgongo

Anza na kinachoua kwa dakika. Zuia damu inayotoka, hakikisha njia ya hewa iko wazi, sikiliza kifua pande zote mbili, kisha angalia mapigo na presha. Risasi ya pingili za kifua mara nyingi imepita kwenye pafu, na ya kiuno imepita tumboni. Mtu aliyepooza hasikii maumivu ya tumbo na tumbo lake haligangamali kama la mwingine, kwa hiyo usiseme "tumbo ni laini, yuko salama". Fuata njia ya risasi kutoka tundu la kuingilia hadi la kutokea. Kama hakuna la kutokea, piga picha ya mbele na ya ubavu, uone imekaa wapi. Mvue nguo zote, angalia makwapani, kwenye mikunjo ya mapaja na katikati ya makalio.

Kola ya shingo usiivalishe kwa mazoea. Kwa jeraha la risasi, ambalo nguzo yake kwa kawaida haijalegea, kola huficha uvimbe wa damu unaokua shingoni na kuzuia kazi ya kufungua njia ya hewa. Mlaze chali, kichwa kikiwa sawa na mwili, na mhamishe kwa uangalifu. Inatosha.

Presha ikiwa chini, amini kwanza ni damu inayovuja, hata kama dalili zote zinasema ni mshtuko wa neva. Mshtuko wa neva hutokea jeraha likiwa juu ya pingili ya sita ya kifua (T6): presha inashuka, lakini mapigo ni ya polepole, chini ya 60, na mikono ni ya moto na mikavu. Anayevuja damu ana mapigo ya 120 na vidole vya baridi. Mmoja anaweza kuwa na yote mawili, na hapo mapigo ya polepole humdanganya daktari huku damu ikijaa kifuani. Tafuta damu kifuani, tumboni na kwenye nyonga. Usipoiona popote ndipo useme ni neva.

Asidi ya traneksami, dawa ya kupunguza damu kuvuja, gramu 1 kwa dakika 10 na gramu nyingine 1 kwa saa 8, hufaa tu ikianza ndani ya saa 3 tangu jeraha. Wengi hufika kwa pikipiki au kwa machela ya miti wakiwa wamechelewa siku nzima, hao usiwape.

Damu ikishazuiwa, ulinde ugwe kwa presha nzuri. Lenga presha ya wastani ya takribani 85, kwa siku 5 hadi 7 kama unaweza. Hesabu yake: namba ya juu, jumlisha ya chini mara mbili, gawa kwa 3. Presha ya 115/70 inakupa 85. Usilazimishe namba hiyo kwa kumwaga dripu juu ya dripu, maana kwenye mshtuko wa neva mishipa imelegea, haijakauka, na maji ya ziada huishia mapafuni. Baada ya lita 1 au 2 bila mabadiliko, anza adrenalini au noradrenalini kwa dozi ndogo kama ipo na kuna mtu wa kukaa naye. Mapigo yakishuka chini ya 50 na presha ikaanguka, mpe atropini miligramu 0.5. Mwenye jeraha la shingo, andaa bomba la atropini kabla ya kumvuta makohozi, kwa kuwa kule kugusa koo tu kunaweza kusimamisha moyo.

Dawa za steroidi, yaani deksamethasoni, methilprednisoloni na ndugu zake, usimpe. Kwa majeraha ya risasi hazirudishi nguvu ya miguu, bali huongeza maambukizi na kutokwa damu tumboni. Bado zinaandikwa kwa huruma, kwa sababu daktari anataka aonekane amefanya kitu. Ziache.

Chanjo ya pepopunda mililita 0.5 msulini. Kama hajawahi kuchanjwa au hakumbuki, ongeza immunoglobulini yuniti 250, au 500 ikiwa saa 24 zimeshapita. Mpira wa mkojo namba 14 au 16 uingie siku hiyo hiyo, kwa kuwa kibofu kimelala na hakitatoa mkojo chenyewe. Mpira wa puani hadi tumboni uwekwe kwa siku za kwanza, maana matumbo nayo yamelala, na akitapika akiwa chali anaweza kuvuta matapishi mapafuni. Omeprazoli miligramu 20 hadi 40 kwa siku kwa wiki 4 hulinda tumbo lisipate vidonda.

Kupima ni wapi pamekatika

Uchunguzi huu unahitaji pamba, pini safi, na kidole chenye glovu. Andika matokeo na saa, kwa sababu thamani yake iko katika kulinganisha ya leo na ya kesho.

Herufi C ni neva za shingo, T za kifua, L za kiuno, S za chini ya kiuno. Mikono: kukunja kiwiko ni C5, kuinua kifundo cha mkono ni C6, kunyoosha kiwiko ni C7, kukunja vidole ni C8, kutanua vidole ni T1. Miguu: kuinua paja ni L2, kunyoosha goti L3, kuinua mguu kwenye kifundo L4, kuinua kidole gumba cha mguu L5, kukanyaga chini S1. Toa alama 0 hadi 5: sifuri hakuna hata mtikisiko wa msuli, 3 anashinda uzito wa kiungo chake, 5 ni nguvu kamili. Kwa ngozi, chuchu ni T4 na kitovu ni T10.

Sehemu inayorukwa kwa aibu ndiyo muhimu kuliko zote: njia ya haja kubwa. Mguse kwa pamba na pini pembeni yake, kisha ingiza kidole umwulize kama anahisi, na umwambie abane. Akihisi au akibana hata kidogo, jeraha si kamili, na uwezekano wa kurudishiwa kitu ni mkubwa zaidi. Asipohisi wala kubana, jeraha ni kamili kwa siku hiyo. Rudia baada ya saa 72, maana siku za mwanzo ugwe mzima unaweza kuzimia na kukudanganya. Ikiwa jeraha bado ni kamili baada ya siku hizo, wanaorudi kutembea ni wachache sana.

Kwa jeraha la shingo, mwambie avute pumzi moja ahesabu kwa sauti hadi ikate. Fanya hivyo kila baada ya saa 4. Aliyefika 25 asubuhi na sasa anaishia 12, anachoka, na hatavumilia usiku. Mgonjwa wa shingo hupumua vizuri zaidi akilala chali kuliko akikalishwa, kinyume na wagonjwa wengine wote wodini. Ukimkalisha, mfunge kitambaa kipana tumboni. Kumsaidia kukohoa, weka viganja chini ya mbavu, sukuma ndani na juu pale anapokohoa, mara kadhaa kila baada ya saa 2 hadi 4.

Kisu: lini ndiyo, lini hapana

Tundu za risasi huoshwa na nyama iliyokufa hukatwa, kisha jeraha huachwa wazi na kufungwa baada ya siku 5 hivi likiwa safi. Jeraha la vita lililoshonwa siku ya kwanza huoza kwa ndani. Antibiotiki ni penisilini kwa jeraha la kawaida. Risasi iliyopita kwenye utumbo mpana kabla ya kufika mgongoni ni hadithi nyingine: mpe ampisilini, gentamisini na metronidazoli miligramu 500 kila saa 8, na endelea siku 7 hadi 14, maana uchafu wa utumbo umepandwa ndani ya mfupa. Pima figo kama unaweza kabla ya kuendelea na gentamisini kwa siku nyingi.

Kufungua mgongo kuna sababu chache. Nguvu iliyokuwepo inapungua siku hadi siku na picha inaonyesha kitu kinabana. Maji ya uti wa mgongo yanavuja jerahani na hayakomi. Kuna usaha ndani. Nguzo imelegea kweli. Au risasi imekaa ndani ya tundu la pingili kati ya T12 na L5, ambako sehemu kubwa ni shada la neva na kuitoa kunaweza kuongeza nguvu ya miguu. Kazi hii inamtaka mpasuaji aliyeizoea, mpe rufaa. Hospitali ya CBCA Ndosho mjini Goma imekuwa na timu ya upasuaji wa vita ya Msalaba Mwekundu wa kimataifa tangu 2012. Kama njia imefungwa, huduma hii nyingine yote inaendelea hapo ulipo.

Risasi iliyokaa kwenye ugwe wa kifua au shingo kwa mtu ambaye jeraha lake ni kamili, kuitoa hakumrudishii miguu. Familia huuza ng'ombe na shamba ili risasi itolewe, zikiamini kwamba ikitoka mtu atasimama. Waambieni ukweli mapema, kabla ng'ombe hajauzwa: risasi ilifanya uharibifu ilipopita, na sasa ni kipande cha chuma kilichotulia. Fedha hizo zitanunua godoro, mipira ya mkojo na chakula cha miezi mingi.

Ngozi

Hapa ndipo maisha yanapookolewa. Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, na kwa mtu asiyehisi hakuna kinachomwambia ajisogeze. Kidonda huanzia chini, karibu na mfupa, kisha hutokeza juu. Ukiona tundu la ukubwa wa sarafu, ndani kuna pango.

Kosa linaloonekana kila mahali ni kuogopa kumgeuza kwa sababu "mgongo umevunjika". Kama ilivyoelezwa, nguzo iliyopigwa risasi kwa kawaida bado imara. Na hata pale usipokuwa na uhakika, anageuzwa, ila kwa watu wanne: mmoja anashika kichwa na mabega na ndiye anayetoa amri, mmoja kifua, mmoja nyonga, mmoja miguu, na mwili unazunguka kwa pamoja kama gogo. Ubao wa kubebea utolewe mara tu anapofika kitandani. Kabla ya safari ya barabara mbovu, toa funguo, simu, mkanda na kila kitu kigumu mifukoni: saa 5 za kukalia funguo zinatosha kuleta kidonda cha miezi 6.

Ratiba ibandikwe ukutani: kila baada ya saa 2, ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Anayemgeuza aandike saa na jina lake. Usimlaze ubavu kamili juu ya mfupa wa nyonga, bali mwegemeze nyuzi 30 hivi, na mto au kitenge kilichokunjwa nyuma ya mgongo. Mto mwingine kati ya magoti. Mwingine chini ya ndama, ili visigino vielee hewani visiguse kitu. Nyayo ziegemee ubao au boksi ili kifundo kibaki pembe mraba, maana mguu ulioanguka mbele kwa mwezi mmoja hautakaa tena kwenye kikanyagio cha kiti. Pete za mpira au za kitambaa zenye tundu katikati zisitumike. Zinabana damu pande zote za lile tundu.

Mara mbili kwa siku, kagua ngozi kwa mwanga mzuri: juu ya makalio, mifupa ya kukalia, nyonga, visigino, vifundo, viwiko, kisogo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta doa lililokolea kuliko jirani yake, lenye rangi ya zambarau au kung'aa, kisha pitisha mgongo wa mkono wako: pakiwa pa moto zaidi, pagumu au pamevimba kama tope, hapo ngozi inakufa. Usipasugue wala kupapaka mafuta kwa kukanda. Paondolee uzito kabisa, pasilaliwe hata dakika moja, hadi pafanane na pengine. Likigunduliwa leo, doa hilo hupona kwa siku chache.

Kidonda kikishafunguka, safisha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi (gramu 9 kwa lita), kata nyama nyeusi, funika kwa shashi yenye unyevu au asali safi. Lakini dawa yoyote ni bure kama bado anakilalia. Na anahitaji protini nyingi kuliko mtu mzima wa kawaida, takribani gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito: mayai, maharage, karanga, na sambaza wa Ziwa Kivu, ambao ni nafuu na huliwa wazima na mifupa yao.

Usiku wa Kivu ni wa baridi, na ndugu mwenye mapenzi huleta chupa ya maji ya moto au husogeza jiko la makaa kitandani. Miguu isiyohisi huungua bila kilio. Tumia blanketi na soksi tu. Waganga wa kienyeji nao waombwe kwa heshima: sala na maneno, sawa, kukanda kwa kitu cha moto na kuchanja, hapana.

Mkojo

Mpira wa kudumu ni wa siku za kwanza, wakati dripu ni nyingi. Ufunge kwa plasta juu ya tumbo la chini kwa mwanamume, si kwenye paja, la sivyo utakata njia ya mkojo kwa kuivuta chini. Mfuko uwe chini ya kibofu muda wote na usilale sakafuni. Mpira wa lateksi ubadilishwe kila wiki 3 au 4.

Akitulia na mkojo ukashuka hadi lita 2 kwa siku, hamia kwenye kutoa mkojo kwa vipindi. Ni njia bora kuliko zote kwa figo, na mgonjwa mwenye mikono mizima hujifunza kwa siku chache. Inahitaji usafi wa kawaida, haihitaji vifaa vilivyochemshwa kama vya chumba cha upasuaji. Ananawa mikono kwa sabuni, anaosha sehemu za siri kwa maji na sabuni, anapaka mpira jeli ya maji, anauingiza polepole hadi mkojo utoke, anasubiri, anabonyeza tumbo la chini kwa kiganja mkojo ukikaribia kwisha, kisha anauvuta taratibu. Mwanamke hutumia kioo mwanzoni. Ukigoma kuingia, apumzike apumue, asilazimishe kamwe. Pale ambapo mpira mpya kila mara haupatikani, ule ule huoshwa kwa sabuni ndani na nje, hupitishiwa maji safi kwa bomba la sindano, hukaushwa na kuhifadhiwa kwenye kopo safi lenye kifuniko. Ukikakamaa au kupasuka, utupwe.

Saa zake: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Pima kila mara kwa chupa iliyochorwa alama. Kiasi cha mara moja kikizidi mililita 500, ama anakunywa kwa mkupuo ama vipindi ni virefu mno. Anywe lita 1.5 hadi 2 kwa siku, kidogo kidogo, na aache saa 2 kabla ya kulala. Wengi hupunguza kunywa ili wapunguze usumbufu, na hapo huanza mawe na maambukizi.

Mkojo wenye harufu au mawingu peke yake hautibiwi kwa antibiotiki. Kwa anayetumia mpira, vijidudu havikosekani. Tibu akiwa na homa, baridi ya kutetemeka, kuvuja mkojo kusiko kwa kawaida, au misuli iliyoanza kukaza ghafla.

Haja kubwa

Ingiza kidole: tundu likikibana lenyewe, refleksi ipo, yaani misuli bado inajibu bila amri ya mgonjwa. Huyu aweke dawa ya bisakodili miligramu 10 ndani ya njia ya haja kubwa nusu saa baada ya chakula, kila siku au siku moja baada ya nyingine, kisha azungushe kidole chenye glovu na jeli kwa sekunde 15 hadi 20, arudie kila baada ya dakika 5 hadi 10 mpaka pawe patupu. Akiwa kitandani alale ubavu wa kushoto. Tundu likiwa limelegea kabisa, kama kwa majeraha mengi ya kiuno, kusisimua hakufanyi kazi: kinyesi hutolewa kwa kidole kila siku, na kiwe kigumu kiasi. Saa iwe ile ile kila siku, kwa kuwa mazoea ndiyo yanayomwezesha kutoka nyumbani bila hofu.

Hatari nyingine chache

Damu kuganda miguuni: enoksaparini miligramu 40 chini ya ngozi mara moja kwa siku, ianze ndani ya saa 72 ikiwa damu imekoma, na iendelee angalau wiki 8. Pima ndama zote mbili kwa utepe kila siku. Tofauti inayokua ni dalili.

Maumivu ya kuungua chini ya jeraha ni ya kweli, ingawa ngozi haihisi kitu. Amitriptilini miligramu 10 hadi 25 usiku, ukikumbuka inakausha choo na kuzuia mkojo. Au gabapentini kuanzia miligramu 300. Misuli inayokaza: nyoosha viungo vyote kila siku, tafuta kwanza kidonda au maambukizi yanayoichokoza, kisha baklofeni miligramu 5 mara 3 kwa siku ukiongeza polepole. Isikatwe ghafla, italeta degedege.

Kwa wenye jeraha la T6 na juu, kila mtu wa nyumbani ajue hili. Presha yao ya kawaida, kwa namba ya juu, ni 90 hadi 110. Kichwa kikiuma kwa kupasuka ghafla, uso ukatoka jasho na presha ikafika 140 au zaidi, kuna kitu chini ya jeraha kinamuumiza asichokihisi. Mkalishe wima miguu ikining'inia, legeza nguo, kisha angalia mpira wa mkojo kama umejikunja au umeziba. Hapo ndipo sababu huwa mara nyingi. Halafu choo kilichojaa, halafu kidonda au kucha. Ikibaki 150 au zaidi, mpe nifedipini miligramu 10 aiume na kuimeza, au kaptoprili miligramu 25 chini ya ulimi, na pima kila dakika 5. Mwanamke aliyepooza anaweza kushika mimba kama kawaida, na hali hii wakati wa uchungu hudhaniwa ni kifafa cha mimba. Mkunga aambiwe mapema.

Kiti, na siku ya kukimbia

Shirika la Umoja mjini Goma na Heri Kwetu mjini Bukavu ni vituo vya utengamao vinavyojulikana kwa viti na mazoezi. Upana wa kiti uwe sawa na nyonga. Urefu wa kikalio uwe kutoka mgongo hadi nyuma ya goti, ukatoa sentimita 3 hadi 6. Pima mto kwa mkono: mgonjwa akiwa amekaa, ingiza vidole chini ya mfupa wa kukalia. Vikiweza kucheza juu na chini milimita 5, mto ni salama. Visipocheza lakini vikitoka kirahisi, angalia ngozi kila siku. Vikibanwa, asiukalie. Kila baada ya dakika 15 hadi 30 ainame mbele kifua kikiegemea magoti kwa dakika 1 au 2. Kujiinua kwa mikono sekunde chache hakutoshi kurudisha damu. Kwenye mawe ya lava ya Goma kiti cha magurudumu matatu, chenye gurudumu kubwa mbele, huenda pale ambapo cha hospitali hukwama.

Asiruhusiwe kwenda nyumbani mpaka yeye au ndugu yake aonyeshe mbele ya muuguzi kutoa mkojo, kutoa choo, kukagua ngozi na kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti.

Na kwa kuwa vita havijaisha, familia ipange kukimbia kabla ya kukimbia. Mfuko mmoja uwe tayari mlangoni: mipira ya mkojo minne, jeli, sabuni, glovu, dawa za wiki 2, kioo, shuka mbili, na karatasi iliyofungwa kwenye nailoni yenye ngazi ya jeraha, presha yake ya kawaida na dawa anazotumia. Wakubaliane nani anambeba na nani anabeba mto. Kiti kikishindikana kiachwe, mto usiachwe: akipakiwa kwenye pikipiki, lori au boti la Minova, akae juu yake. Safari ikipita saa 2, alazwe ubavu kila wanaposimama, na mkojo utolewe kwa saa zake hata kandokando ya njia. Wakifika kambini, kabla ya kusimamisha turubai, wamvue waangalie ngozi yote, na jina lake liandikishwe kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo.